Maji Yanaamsha Nguvu ya Asidi na Chumvi
Maarifa kwa wakaaji wa vijiji vya karibu na migodi

Ninyi wakaaji wa vijiji vya karibu na migodi ya shaba, munaona magari makubwa yenye matangi ya chuma yanapita barabarani. Mengine yanachukua asidi ya sulfuri na kuipeleka viwandani. Tena munajua kwamba asidi inakula chuma. Mtu akitia msumari ndani ya asidi ya betri ya motokari, msumari unatoa povu, unapungua, na mwisho wake unakwisha. Basi, ginsi gani tangi la chuma linaweza kuchukua asidi siku nyingi bila kutoboka?

Asidi ni ile ile, na chuma ni kile kile. Kitu kimoja tu si sawasawa: asidi ya betri imechanganywa na maji mengi, lakini asidi ya tangi haina maji, au ina maji kidogo sana. Maji ndiyo yanaamsha ile nguvu ya kula chuma.

Jambo hili si la viwanda tu. Linahusu pipa munalonunua sokoni, mfereji wenye kupita karibu na bustani yenu, mbolea munayotia kwa mahindi, na dawa munayonyunyiza juu ya nyanya. Mtu mwenye kulijua anaokoa mkono wake, jicho lake na shamba lake. Kwa hiyo tutalieleza polepole, toka mwanzo.

1. Chumvi imefanyika ginsi gani

Chukueni punje moja ya chumvi ya kupikia. Ndani yake mna vitu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Vitu hivi vinaitwa ioni. Ziko za namna mbili: ioni za sodiamu zenye umeme wa alama ya +, na ioni za klorini zenye umeme wa alama ya –. Umeme wa + na umeme wa – vinavutana. Kwa sababu hiyo ioni za chumvi zimeshikana kwa nguvu kama matofali ya ukuta mzuri. Mukitaka kuyeyusha chumvi kwa moto tu, bila maji, lazima moto ufike joto la digri 801. Moto wa jiko la kupikia bukari hauwezi kuishinda.

Lakini tieni punje ile ndani ya kikombe cha maji baridi. Kwa muda mfupi haionekani tena. Moto mkali umeshindwa, na maji baridi yameweza! Maji yamefanya nini?

2. Kazi ya maji

Maji nayo yamefanyika kwa vitu vidogo sana, vyenye kuitwa molekuli. Kila molekuli ya maji ina pande mbili: upande mmoja unaelekea kuwa na umeme wa –, na upande mwingine unaelekea kuwa na umeme wa +. Chumvi ikiingia ndani ya maji, molekuli za maji zinaikimbilia. Zinageuza upande wao wa – kwa ioni za +, na upande wao wa + kwa ioni za –. Zinaizunguka kila ioni kama vile nyuki wanavyomzunguka malkia wao. Ioni ikizungukwa hivi haiwezi tena kumshika mwenzake sawasawa. Inatoka katika ukuta, inakwenda zake peke yake ndani ya maji.

Wenye maarifa wamepima nguvu hii. Ndani ya maji, kule kuvutana kwa umeme wa + na wa – kunapungua mara 80 hivi. Fikirini mzigo wa kilo 80. Mtoto hawezi kuuinua. Lakini ukigeuka kuwa mzigo wa kilo 1, mtoto anauchukua kichwani na kwenda nao. Joto la kawaida la maji ni kama yule mtoto: nguvu yake ni ndogo, lakini maji yamempunguzia mzigo, basi anaweza kutenganisha ioni na kuzipeleka mbali.

3. Viyeyushi havifanani

Kitu chenye kuyeyusha kitu kingine kinaitwa kiyeyushi. Maji ni kiyeyushi, alkoholi ni kiyeyushi, petroli ya taa ni kiyeyushi pia. Lakini nguvu zao za kupunguza ule mzigo si sawasawa. Angalieni:

Katika maji, mzigo wa kilo 80 unakuwa kilo 1.
Katika alkoholi safi isiyo na maji, unakuwa kilo 3 na zaidi kidogo.
Katika mafuta ya mawese, unabaki karibu kilo 27.
Katika petroli ya taa, unabaki karibu kilo 40.

Kwa hiyo chumvi munayotia ndani ya petroli au mafuta inakaa chini kama mchanga. Mtoto hakuweza kuinua mzigo.

Mtu wa kwanza kueleza vizuri kwamba chumvi na asidi vinagawanyika kuwa ioni ndani ya maji ni Svante Arrhenius wa nchi ya Uswidi. Aliandika maneno hayo mwaka 1884, alipokuwa angali kijana, katika chuo kikuu cha Uppsala. Walimu wake hawakuyapenda, wakampa alama ndogo. Lakini mwaka 1903 alipewa zawadi ya Nobel kwa sababu ya maneno yale yale. Mwaka 1893 watu wawili wengine, Walther Nernst wa Ujerumani na J. J. Thomson wa Uingereza, walionyesha kila mtu kwa upande wake kwamba kiyeyushi chenye kupunguza sana nguvu ya kuvutana ndicho chenye kugawanya sana vitu kuwa ioni. Hii ndiyo sheria ya mzigo na mtoto tuliyoeleza.

4. Jaribio la kuona kwa macho

Musisadiki kwa maneno tu. Jaribuni wenyewe. Tafuteni betri 3 za tochi, taa moja ndogo ya tochi za siku hizi, nyaya, na vikombe 4 vilivyo safi na vikavu. Fungeni betri na taa kwa mstari mmoja, na mwisho wa njia acheni ncha mbili za nyaya wazi. Ncha hizo mutazitia ndani ya kikombe, karibu karibu, lakini zisigusane, maana zikigusana taa inaweza kuungua. Taa ikikataa kuwaka katika kikombe cha pili, geuzeni nyaya za taa na kujaribu tena. Fanyeni kazi hii nje, mahali penye hewa, kwa muda mfupi.

Kikombe cha kwanza: maji ya mvua. Taa haiwaki, au inawaka kidogo sana. Maji safi yenyewe yana ioni chache mno. Katika molekuli milioni 1,000 za maji, 2 tu hivi zimegawanyika.

Kikombe cha pili: maji ya mvua na kijiko kimoja cha chumvi. Taa inawaka. Ioni ndizo zinapitisha umeme, kama mitumbwi yenye kuvusha watu toka ng'ambo hii kwenda ng'ambo ile.

Kikombe cha tatu: maji ya mvua na kijiko kimoja cha sukari. Sukari imeyeyuka kabisa, lakini taa inabaki kama katika kikombe cha kwanza. Hapa mujifunze jambo kubwa: kuyeyuka si sawa na kugawanyika. Sukari inaingia katika maji ikiwa molekuli nzima, bila umeme wa + wala wa –.

Kikombe cha nne: mafuta ya kupikia na kijiko kimoja cha chumvi. Hata mukikoroga mpaka jioni, taa haiwaki.

Jaribio jingine ni jepesi zaidi. Kiko kidonge cha dawa chenye kutoa povu kikitiwa katika maji. Ndani yake mna asidi kavu na unga wa soda, vimekaa pamoja miezi mingi bila kugombana. Vunjeni kidonge kimoja vipande viwili. Kimoja mukitie ndani ya mafuta makavu: kinakaa kimya. Kingine mukitie ndani ya maji: mara moja kinachemka kwa povu. Maji yamezifungua ioni za asidi na za soda, na ioni zimekutana. Na musisahau kuziba vizuri chupa ya vidonge hivyo, maana hata unyevu wa hewa unaweza kuanza kazi hiyo.

5. Sababu ya pili: kupokea

Kupunguza mzigo ni sababu moja. Iko sababu ya pili. Asidi haifanani na chumvi kabisa. Chumvi ina ioni tayari, zimeshikana tu. Asidi nyingi hazina ioni tayari. Ndani yao iko hidrojeni, na asidi lazima iitoe hiyo hidrojeni na kumpa mwingine. Hidrojeni ikitoka inakuwa ioni ya +, na hiyo ndiyo inaleta ukali wa ndimu katika ulimi, na ndiyo inakula chuma. Lakini mtu hawezi kutoa zawadi kama hakuna mwenye kuipokea. Kiyeyushi ndicho mwenye kupokea.

Tuangalie asidi ya chumvi. Ndani ya maji inatoa karibu hidrojeni yake yote, kwa sababu maji yanaipokea. Taa inawaka sana, na jiwe la chokaa likitiwa humo linatoa povu. Lakini ndani ya benzeni kavu, kiyeyushi cha jamaa ya petroli, asidi hiyo hiyo inayeyuka bila kutoa hidrojeni yake. Umeme haupiti, na jiwe la chokaa linakaa kimya.

Sasa tuangalie asidi ya siki. Ikiwa peke yake, bila maji, haipitishi umeme karibu hata kidogo. Katika siki ya kawaida, maji yanapokea hidrojeni kidogo tu: katika molekuli 100 za asidi, hata moja nzima haijagawanyika. Ndiyo maana tunaweza kula siki juu ya mboga. Lakini iko amonia, ile yenye harufu ya kuchoma pua katika zizi la mbuzi. Amonia ikipozwa sana inakuwa kama maji na inaweza kuwa kiyeyushi. Nguvu yake ya kupunguza mzigo ni ndogo kuliko ya maji. Hata hivyo inapenda sana kupokea hidrojeni, kwa hiyo ndani yake asidi ya siki, iliyo dhaifu katika maji, inakuwa asidi yenye nguvu.

Basi, asidi haina nguvu moja ya siku zote. Mtu akiuliza, «Asidi hii ina nguvu gani?» lazima tumwulize kwanza, «Imeyeyuka ndani ya nini?»

6. Hatari ya pipa la asidi

Sasa turudi kwa tangi la chuma. Asidi ya sulfuri yenye kuchukuliwa na magari mara nyingi ni sehemu 98 za asidi na sehemu 2 za maji. Maji hayo hayatoshi kupokea hidrojeni yote. Asidi iliyo nyingi inabaki molekuli nzima. Inapogusa chuma inafanya ngozi nyembamba ya chumvi ya chuma, na ngozi hiyo haiyeyuki vizuri ndani ya asidi yenyewe. Inakinga chuma kama rangi ya nyumba inavyokinga mlango. Mtu asifikiri kwamba asidi hiyo ni pole. Ikigusa mwili, inanyang'anya maji ya mwili, inaunguza nyama na kupofusha macho.

Tuseme mtu amenunua pipa lililochukua asidi. Anaona chuma ni kizima, anasema moyoni: «Pipa hili litafaa kwa maji ya kunywa.» Anatia maji kidogo, analitikisa, analifunga, analiweka nyuma ya nyumba. Ndani ya pipa yale maji yamekutana na asidi iliyobaki. Yameyeyusha ile ngozi ya kukinga. Hidrojeni zote zimefunguka, zinaanza kula chuma. Chuma kikiliwa hivi kinatoa hewa ya hidrojeni, isiyo na rangi wala harufu, yenye kulipuka kwa moto. Siku ya pili mtu anakuja na kiberiti au sigara, au anapiga pipa kwa patasi ili alikate, na cheche moja inatosha kulilipua mbele ya uso wake. Muone: mbele ya kuoshwa hatari hiyo ya pipa ilikuwa ndogo zaidi. Maji kidogo ndiyo yameizidisha.

Mwingine atauliza: «Kama maji yanaamsha asidi, kwa nini munatuambia tuoshe kwa maji mtu aliyemwagikiwa?» Swali ni zuri. Maji kidogo yanaiamsha na kuleta joto. Maji mengi yenye kupita bila kukoma yanaichukua na kuitoa mwilini, na kupoza lile joto. Kwa hiyo mtu akimwagikiwa, mumvue nguo upesi, mummiminie maji mengi sana kwa muda mrefu, halafu mumpeleke kwa daktari. Ikiwa jichoni, fungueni jicho kwa vidole na mulioshe vile vile kwa maji safi mengi, tena mumpeleke upesi.

Na lile joto linatoka wapi? Linatoka kwa kazi ile ile ya nyuki na malkia. Maji yanapozipokea na kuzizunguka ioni, yanatoa joto jingi. Mtu akimimina maji juu ya asidi, maji yanachemka ghafula na kurusha asidi usoni. Kwa hiyo watu wa kiwanda wanamimina asidi polepole ndani ya maji mengi, hawamimini kamwe maji ndani ya asidi. Nyumbani, musifanye hata moja katika hayo mawili.

7. Shaba yenye kusafiri ndani ya petroli

Wengi kati yenu munao ndugu wenye kufanya kazi katika viwanda. Huko sheria ya viyeyushi ndiyo inaleta mshahara. Mawe ya kijani ya Katanga yanasagwa na kutiwa katika maji yenye asidi ya sulfuri. Shaba inatoka katika mawe, inakuwa ioni ndani ya maji, na maji yanageuka rangi ya samawati. Halafu umeme unapitishwa. Ioni za shaba zina umeme wa +, kwa hiyo zinakwenda kwa ubao wa alama ya – na kushikamana nao. Kwa njia hiyo shaba imetolewa katika kiwanda cha Shituru, Likasi, tangu mwaka 1929.

Lakini maji yale yana vitu vingine pia: chuma, kobalti, manganizi. Namna ya kuchagua shaba peke yake imepatikana kwa kutumia kiyeyushi cha pili. Katika viwanda vingi vya leo wanachukua petroli ya taa iliyotiwa dawa maalumu, wanaikoroga pamoja na maji ya shaba. Petroli haipendi ioni. Lakini molekuli mbili za dawa zinaishika ioni moja ya shaba, kila moja upande wake, kama makoleo mawili yanavyoshika chuma cha moto. Zenyewe zinatoa hidrojeni mbili na kuziacha kwa maji. Shaba iliyoshikwa hivi haionyeshi tena umeme wake kwa nje, basi inaweza kuingia katika petroli na kupanda juu pamoja nayo. Nyuma ya hayo, petroli inakorogwa na maji mengine yenye asidi nyingi. Hidrojeni za asidi zinarudi kwa dawa, makoleo yanafunguka, na shaba inaanguka tena ndani ya maji ikiwa ioni. Kiwanda kikubwa cha namna hiyo kilianza huko Chingola, Zambia, mwaka 1974.

Kumbukeni mfano wa makoleo, tutauhitaji tena shambani.

8. Mambo ya shamba

Mizizi haili mawe. Chakula chao kingi kinaingia kikiwa ioni zilizo ndani ya maji ya udongo: potasi ya majivu, naitrati, amonia yenye umeme wa +, fosfati. Mbolea iliyotupwa juu ya udongo mkavu bado imefungwa. Itieni karibu na mmea, ifunikeni kwa udongo, na mungoje udongo wenye unyevu. Mbolea ya urea inafanana na sukari: inayeyuka, lakini haigawanyiki. Lazima kwanza vijidudu vya udongo viigeuze kuwa amonia, na kazi hiyo inachukua siku chache. Kwa hiyo musiiache wazi juani, maana nguvu yake inapotea hewani.

Lakini mlango ulio wazi kwa chakula ni wazi pia kwa sumu. Shaba kidogo sana inafaa mimea, shaba nyingi inaua mizizi. Mabaki ya migodi yana chumvi za shaba na asidi. Wakati wa kiangazi maji yanakauka, na kando ya mifereji munaona ganda jeupe, la kijani au la manjano. Ganda hilo limelala. Mvua za kwanza za mwezi wa kumi na wa kumi na moja zinaliamsha lote kwa mara moja. Maji ya siku hizo ndiyo mabaya kuliko yote. Mtu mwenye kufungua mfereji siku ya mvua ya kwanza, kwa furaha ya kupata maji, anaweza kuua lengalenga na kabichi zake.

Liko jaribio dogo. Sugueni msumari wa chuma mpaka ung'ae, uwekeni ndani ya maji ya mfereji usiku kucha. Ukigeuka mwekundu wa shaba, ioni za shaba zimo nyingi. Usipogeuka, musiseme kwamba maji ni mazuri, maana sumu nyingine hazionekani kwa msumari.

Dawa ya ukali wa udongo ni chokaa. Ukali unapimwa kwa namba toka 0 mpaka 14. Namba 7 ni katikati, na kila namba moja ya kushuka ni ukali mara 10. Udongo wa 4 una ukali mara 1,000 kuliko udongo wa 7. Mahindi yanapenda kati ya 5.5 na 7. Chokaa inachukua hidrojeni za asidi, na kipimo kikipita 6, shaba nyingi inaacha kuwa ioni huru, inakuwa matope yasiyoyeyuka, na mizizi haiipati kwa urahisi. Tieni tena mboji na samadi iliyooza. Mboji inafanya kama ile dawa ya petroli: ina makoleo mengi madogo, nayo inaishika shaba. Watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu chokaa na mboji katika udongo ulioharibika kwa moshi wa kiwanda cha shaba, na majani yameweza kuota tena juu yake.

Hata hivyo chokaa haiondoi shaba, inailaza tu. Ukali ukirudi, shaba inaamka. Kwa hiyo udongo upimwe tena kila mwaka. Na musitie chokaa na mbolea ya amonia siku moja, kwa sababu chokaa inageuza amonia kuwa hewa, na fedha yenu inaruka pamoja nayo.

Wenye kulima nyanya na viazi wanajua dawa ya samawati ya kuzuia ugonjwa wa majani. Inafanywa kwa kilo 1 ya sulfati ya shaba, kilo 1 ya chokaa na litre 100 za maji. Sulfati ya shaba iyeyushwe katika ndoo ya mti au ya plastiki, si ya chuma, maana ioni za shaba zitakwenda kushikamana na chuma na kukitoboa. Mukiisha kuchanganya, tieni kisu safi cha chuma ndani yake kwa dakika moja. Kikitoka chekundu, ioni huru zimebaki na zitaunguza majani: ongezeni chokaa. Kikitoka kama kilivyoingia, dawa ni tayari. Kisu hicho kisirudi jikoni mbele ya kuoshwa vizuri.

9. Maneno ya kushika

1. Pipa lililochukua asidi au petroli ya kiwanda, musilitumie kwa maji, mawese wala pombe, hata likioshwa mara nyingi.
2. Pipa kama hilo musilitie maji kidogo, musilipige patasi, musililetee moto. Muliache, mumwite mwenye kazi hiyo.
3. Mtu akimwagikiwa asidi, maji mengi upesi, halafu daktari.
4. Mvua za kwanza zikinyesha, fungeni mfereji wenye kutoka upande wa mgodi. Muufungue tu maji yakiisha kupimwa na kuonekana kuwa mazuri.
5. Musinywe maji ya mgodi, hata yakiwa meupe kama maji ya chemchemi. Kuyachemsha hakuondoi ioni. Maji yakipungua kwa moto, sumu inazidi.
6. Mwulizeni agronomu apime udongo mbele ya kununua chokaa na mbolea.

Baba na mama wa kijiji wanajua kwamba mbegu kavu inaweza kukaa ghalani miaka, lakini ikipata maji inaamka. Asidi na chumvi nazo ni vivyo hivyo. Mukiona kitu kikavu, au pipa lililofungwa, musiulize tu, «Ni kitu gani?» Ulizeni tena, «Kikikutana na maji, kitafanya nini?»